Krimu ya chunusi ikiwasha sana, haina maana inatibu sana

Wengi huku Mbeya na Iringa huamini kwamba krimu ya tretinoini au adapaleni ikiwasha na uso ukawa mwekundu, ndiyo inaunguza chunusi, hivyo ukiongeza utapona upesi.

Uwekundu huo ni muwasho tu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau. Huja zaidi wiki za mwanzo, wakati chunusi huhitaji kama wiki 8 hadi 12 kupungua, hata upake nyingi kiasi gani. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima, usiku, ngozi ikiwa imekauka. Ikiwasha, ruka usiku mmoja mmoja, na utangulize mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato. Baridi kavu ya Juni na Julai huzidisha kubabuka (upepo wa Makambako ndiyo usiseme), na jua la milimani huchoma uso hata kukiwa na baridi ya kuvaa sweta, kwa hiyo mchana paka losheni ya kukinga jua.

Soma maandishi ya boksi: ukikuta klobetasoli (steroidi kali ya kupaka) au haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), hiyo ni dawa nyingine kabisa. Mjamzito asitumie krimu ya tretinoini wala ya adapaleni. Uso ukivimba au kutoa malengelenge, acha krimu, nenda zahanati.