Nyanya zikianza maua: jani lipi likatwe, lipi liachwe

Mche wa nyanya ukishafunga majani na kuanza maua, mikono huwasha. Unakata moja, unakata la pili, ukija kustuka umeuvua mche mzima. Mwaka mmoja nilishinda shambani hivyo hivyo hadi vichala vikabaki peupe, na jioni nikajisifu. Haikupita muda nyanya zikaota baka jeupe upande unaopigwa na jua la alasiri. Ukilibonyeza ni laini, ngozi imekauka kama karatasi. Dalali akachukua matenga mawili, mengine akaniachia.

Nilichoamini ndicho wengi wanachoamini: tunda lisipopata jua haliivi. Si kweli. Nyanya huivishwa na gesi ya ethilini inayojitengenezea yenyewe, ikisaidiwa na joto la kiasi. Ndiyo maana ukiifungia kwenye boksi chini ya kitanda ikiwa imeshakomaa, inaiva bila kuona mwanga. Nyuzi joto 20 hadi 25 zinaifaa sana. Zikipita 30, ile rangi nyekundu inakwama na tunda linabaki na umanjano. Kwa hiyo anayevua majani kwa haraka ya kwenda sokoni huenda anajichelewesha mwenyewe, mbali na kuzibabua.

Dhana nyingine: majani yanakula chakula cha matunda. Chakula hicho kinatoka wapi kama si kwenye jani? Sukari inayojaza tunda hutengenezwa humo, na jani bichi lililo karibu na kichala ndilo linalokilisha. Mshindani hasa ni chipukizi linaloota kwapani, kati ya jani na shina. Hilo livunje kwa vidole likiwa bado dogo, urefu wa kidole hivi. Likiachwa mpaka liwe nene, kulitoa kunaacha jeraha kubwa.

Hata hapo, angalia mbegu uliyopanda. Aina ndefu kama Anna F1, zinazofungwa kamba kwenye kitalunyumba (nyumba ya plastiki au wavu ya kulimia), huachiwa shina moja au mawili. Lakini Tanya, Cal-J na Rio Grande ni fupi, zinatanuka kama kichaka na matawi yake ndiyo yanayobeba matunda. Nimeona watu wakizikata machipukizi yote kwa sababu wamemwona jirani mwenye kitalunyumba akifanya hivyo. Hayo ni mavuno wameyatupa.

Basi jani la kukata ni lipi? Linalogusa udongo, lililogeuka njano, lenye madoa, na kwa aina ndefu yale ya chini ya kichala cha kwanza matunda yake yakishanenepa. Mawili au matatu kwa mche, kisha subiri wiki. Ugonjwa wa ukungu uitwao bakajani wahi huanzia huko chini, kwa madoa yenye duara ndani ya duara, kwa sababu mvua hurusha udongo wenye vimelea. Jani bichi la juu halijakukosea kitu.

“Wakati wowote ni sawa” nayo ni dhana. Kata asubuhi umande ukishakauka, siku ya jua, jeraha lipate kukauka mapema. Majani yakiwa mabichi kwa maji, mikono yako ndiyo inayosambaza ugonjwa mche hadi mche. Mvuta sigara anawe kwa sabuni kwanza, maana virusi vya batobato ya tumbaku hushika nyanya pia.

Na majani uliyokata usiyaache kwenye mfereji ukisema ni mbolea. Tangu kanitangaze, yule nondo mharibifu wa nyanya, aripotiwe Tanzania mwaka 2014, jani lililotupwa chini ya mche ni nyumba yake: kiwavi anaishi ndani ya jani lenyewe, akimaliza anageuka nondo na kurudi juu. Yafukie kwenye shimo refu, au yafunge kwenye mfuko wa plastiki uuanike juani. Mbuzi usimpe, majani ya nyanya yana sumu.