Kuumia si Kulipwa: Dhana Potofu Kuhusu Sheria ya Madhara

Nairobi kila mtu ni wakili wa ajali. Matatu ikigonga bodaboda Barabara ya Jogoo, polisi hawajafika bado na tayari kuna mtu ameshampigia majeruhi hesabu: mguu umevunjika, hizo ni laki kadhaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huja darasani na hesabu hizo kichwani, na nyingine hudumu naye hadi kwenye karatasi ya mtihani. Sheria ya madhara, ile inayompa aliyekosewa njia ya kudai fidia kwa kesi ya madai, haianzi na jeraha. Inaanza na swali: nani alikuwa na wajibu gani kwa nani?

Dhana: Ukiumia, lazima mtu akulipe.

Mahakama ya Rufaa ililijibu hili katika kesi ya Kiema Muthuku dhidi ya Kenya Cargo Handling Services: Kenya haijafika mahali pa dhima (jukumu la kisheria la kulipa) bila kosa, na anayedai kwamba mwenzake alizembea lazima athibitishe uzembe huo. Mdai wa uzembe hubeba mzigo wa mambo manne. Aonyeshe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliukiuka, kwamba ukiukaji huo ndio uliomletea madhara, na kwamba madhara yenyewe ni ya aina ambayo mtu mwenye busara angeweza kuyatarajia. Moja likikosekana kesi imeanguka, hata kama mdai ameingia kortini kwa magongo.

Wanafunzi hushika la kwanza na la pili vizuri, kisha wanaliruka la tatu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kesi ya Barnett dhidi ya Chelsea and Kensington Hospital ingefundishwa wiki ya kwanza kabisa. Walinzi watatu wa usiku jijini London walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali asubuhi. Daktari wa zamu, ambaye naye alikuwa anaumwa, hakutoka kuwaona. Aliagiza kwa simu kwamba warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja wao akafa siku hiyohiyo. Chai ilikuwa na aseniki. Wajibu ulikuwepo, na ukiukaji haukuwa na ubishi. Hata hivyo mjane alishindwa, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hata kama mumewe angepokelewa mara moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba tiba isingewahi kumwokoa. Kifo kilitokana na sumu, si na daktari.

Hukumu inauma, lakini ndivyo kipimo kilivyo: toa kosa la mdaiwa kwenye hadithi, kisha uulize kama mambo yangeishia pengine. Mama aliyecheleweshwa kwenye foleni ya dharura usiku kucha hapa Nairobi ana malalamiko halali. Kama ana kesi, hilo litategemea daktari shahidi atakayeeleza kuchelewa huko kulibadilisha nini.

Dhana: Donoghue alithibitisha konokono.

Konokono anajulikana na kila mtu. Agosti 1928, katika mkahawa mjini Paisley, Uskoti, rafiki yake May Donoghue alimnunulia kinywaji cha tangawizi kilichokuja katika chupa ya rangi, usiyoweza kuona kilichomo. Donoghue alidai kwamba mabaki ya konokono aliyeoza yalimiminika kutoka chupani naye akaugua. Kwa kuwa aliyelipa ni rafiki yake, hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa, basi akamfuata mtengenezaji, Stevenson.

Wengi hawajui kwamba konokono huyo hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Mwaka 1932 majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, watatu kwa wawili, waliamua swali la sheria peke yake: ikiwa anayosema mama huyu ni kweli, je, mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji asiyemjua? Walijibu kwamba anao. Kabla ushahidi haujasikilizwa Stevenson alifariki, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Ukiandika kwenye mtihani kwamba Stevenson alipatikana na uzembe, mhadhiri atakukata alama, na haki itakuwa upande wake.

Halafu kuna jambo dogo: uamuzi wa Uingereza kwa mahakama za Kenya leo ni wa kushawishi, si wa kufunga: zinaweza kuufuata, lakini hazilazimiki. Kanuni ya jirani aliyoitamka Lodi Atkin, mmoja wa majaji wa kesi hiyo, kwamba uwe mwangalifu usimdhuru yule unayeweza kutarajia kwamba kitendo chako kitamgusa, ina nguvu hapa kwa sababu majaji wetu wameikubali na kuitumia. Taja basi na kesi za hapa.

Dhana: Huwezi kudai fidia mpaka dereva ahukumiwe mahakama ya trafiki kwanza.

Hizi ni njia mbili. Kwenye jinai anayeshtaki ni serikali, na kosa lithibitishwe pasipo shaka ya maana. Kwenye madai anayeshtaki ni aliyeumia, na inatosha mizani ielemee upande wake kidogo. Kwa hiyo dereva anaweza kuachiliwa huku na akalipishwa kule. Hukumu ya trafiki ikiwepo inasaidia sana: kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa lile, muda wa rufaa ukishapita. Lakini haimzibi dereva mdomo asidai kwamba majeruhi naye alichangia.

Dhana: Mwenye gari ndiye hulipa, au shtaki bima moja kwa moja.

Jina lililo kwenye usajili wa gari linampa mdai pa kuanzia. Sheria ya Trafiki huchukulia kwamba aliyesajiliwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini umiliki peke yake hauleti dhima. Lazima dereva awe mwajiriwa aliyekuwa kazini, au awe amelipeleka gari kwa shughuli ya mwenye gari. Makanga na dereva waliotumwa na mwenye matatu kusaka abiria: mwenye matatu yumo. Shemeji aliyeazimwa gari aende kwenye harusi yake mwenyewe Machakos: hapo mwenye gari ana la kujitetea.

Bima nayo huja mwishoni. Unamshtaki dereva na mwenye gari, unapata hukumu, kisha Sheria ya Bima ya Magari kwa Watu wa Tatu, sura ya 405, inailazimu kampuni ya bima kuilipa, mradi ilipewa notisi kwa wakati. Kampuni ikikataa, unafungua kesi nyingine ya kuilazimisha. Kiwango cha lazima kwa mdai mmoja kina kikomo cha shilingi milioni 3. Kinachozidi hapo kinatoka mfukoni mwa aliyeshindwa, kama mfuko huo una kitu.

Dhana: Hukuvaa helmeti, huna chako.

Zamani ilikuwa hivyo, kosa dogo la mdai liliua kesi nzima. Leo Sheria ya Marekebisho ya Sheria, sura ya 26, inamruhusu hakimu kugawa lawama na kupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wa mdai. Uliza pia mchango huo ulihusu nini. Abiria wa boda asiye na helmeti aliyevunjika kifundo cha mguu hakuchangia jeraha hilo kwa kuacha kichwa wazi. Katika Froom dhidi ya Butcher, ya 1975, mahakama ya Uingereza iliweka mwongozo kwa asiyefunga mkanda wa gari: fidia ikatwe asilimia 25 pale ambapo mkanda ungezuia jeraha kabisa, na asilimia 15 pale ambapo ungelipunguza sana.

Dhana: Hakuna jeraha, hakuna kesi.

Hii ni ya waliosoma uzembe wakaufanya kipimo cha kila kitu. Mteja anatoka supamaketi ya mtaani, askari wa mlangoni anamshika mkono, anampeleka stoo nyuma ya mifuko ya unga na kumfungia mpaka meneja aje. Meneja anaangalia risiti, anaona kila kitu kimelipiwa, anaomba radhi. Mteja hana hata mchubuko. Lakini kumfungia mtu bila sababu inayokubalika kisheria ni kosa linalojitosheleza, sawa na kuingia shambani kwa mtu bila ruhusa au kumpiga. Mdai hahitaji kuonyesha hasara ili kesi isimame. Hasara huamua kiasi cha fidia tu.

Dhana: Kesi haiozi.

Inaoza, na haraka. Madai mengi ya madhara yana miaka 3 tangu kosa kutokea, chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, sura ya 22. Kashfa ina miezi 12, hata kama ilitumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti. Na mdaiwa akiwa Serikali, muda ni miezi 12 pia, jambo ambalo aliyegongwa na lori la serikali huenda asilijue mpaka plasta imetolewa na mazoezi ya viungo yamekwisha.