Kubadilishana krosi: zawadi inayosomwa mgongoni

Mpe kitambaa cha kudarizi mtu asiyeshika sindano: atakitazama, atasema kizuri, atakitandika kwenye kochi. Mpe anayedarizi, naye kabla hata ya kusema ahsante atakigeuza. Anatafuta mgongo. Habari za kazi ziko huko: uzi ulianzia wapi, ulikatikia wapi, palifumuliwa mara ngapi, aliyeshona alikuwa ametulia au anakimbizana na siku. Kubadilishana krosi ni kupeana zawadi kati ya watu wa aina hii ya pili, ambapo mtoaji na mpokeaji wote wanajua kugeuza.

Tuanze na jina. Mwanza, kama sehemu nyingi za Tanzania, neno "kufuma" limebeba kila kitu: sweta la mtoto, kitambaa cha kochi cha kroshia, hata maua ya uzi kwenye foronya. Kitabuni, kazi ya kupamba nguo kwa sindano na uzi ni kudarizi, na krosi, kama tunavyoiita katika kikundi chetu, ni aina mojawapo: mshono wa misalaba. Kila mshono ni mistari miwili inayopishana kama herufi X ndani ya kimraba kimoja cha kitambaa. Misalaba mia ikikaa pamoja inakuwa jani. Elfu kadhaa zinakuwa sangara, au jina la bibi harusi, au "Karibu Mgeni" ya kutundika mlangoni.

Kitambaa chake kimefumwa kwa vitundu vinavyohesabika. Wanaoanza hupewa aida, na aida namba 14 ina miraba 14 katika kila inchi. Sindano ni butu, kwa sababu haitoboi kitu; inapita kwenye tundu lililopo tayari. Uzi ni wa pamba, nyuzi sita nyembamba zilizolala pamoja, na kwa aida 14 unachomoa mbili tu za kushonea. Uzi unaotajwa zaidi ni wa DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanzia mji wa Mulhouse mwaka 1746 ikichapa rangi kwenye vitambaa. Fungu moja lina mita 8, na kila rangi ina namba yake. Namba 310 ni nyeusi. Nikimwambia mwenzangu wa Musoma "weka 310", na mtu wa Brazil akiikuta namba hiyo kwenye mchoro wake, wote wawili watashona nyeusi moja. (Huwa nacheka peke yangu: watu wa Usukumani, tuliokulia na magunia ya pamba mlangoni, tunahesabu siku tukingoja mita 8 za pamba kutoka Ufaransa.)

Sasa kubadilishana kwenyewe. Aliyewahi kucheza mchezo, ule wa kuchangiana fedha kwa zamu, nusu ya mambo anayajua. Yupo kijumbe, ambaye ndiye anayeshika majina na namba za simu. Inapangwa tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho ya kutuma, kwa kawaida miezi miwili au mitatu katikati. Ukubwa unatajwa, tuseme kitu kisichozidi kiganja cha mkono, ili asitokee mmoja akashona pazia na mwingine kishikizo cha funguo. Mara nyingi pia hupangwa jambo la kushona: vitu vya ziwani, matunda, herufi ya kwanza ya jina la mpokeaji. Kisha inapigwa kura.

Kura ndiyo inayotenganisha jambo hili na nipe nikupe. Watu wawili wakikubaliana kushoneana, kila mmoja anabaki na jicho pembeni: yeye amefikia wapi, changu kitaonekanaje karibu na chake? Ndiyo maana sisi tunapendelea duara. Mimi namshonea wa Nansio, wa Nansio anamshonea wa Bukoba, wa Bukoba anamshonea wa Sengerema, mpaka duara lije kunifikia mimi kwa mkono wa mtu ambaye sikumpa chochote. Hakuna wa kumlipa, kwa sababu aliyekupa na uliyempa ni watu tofauti. Na hujui ni nani anayekushonea hadi kifurushi kifike.

Tofauti na mchezo wa fedha ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye mchezo, laki ni laki. Ukitoa laki utarudishiwa laki, na kijumbe ana daftari. Michango ya harusi nayo ina daftari lake, tunalijua. Krosi haiandikiki. Chukua mchoro mdogo wa miraba 40 kwa 40 uliojazwa wote: ni misalaba 1,600. Mimi, umeme ukiwepo na watoto wakiwa wamelala, natoa kama misalaba 120 kwa saa. Hizo ni saa 13 na zaidi, kwa kitu kinachoingia kwenye bahasha. Ukikipeleka Makoroboi, sokoni Mwanza, ukakitandaza kati ya vitambaa vingine, mteja atakuuliza unampunguzia bei gani. Mwenzako anayeshona hatakuuliza hivyo. Anazijua zile saa kumi na tatu, maana na yeye ametoka kuzitumia kwa mtu mwingine.

Hapo pia pana ugumu ambao wageni wa kikundi huuliza kwa aibu: mimi naanza, yeye ana miaka ishirini ya sindano, nitampa nini? Jibu langu ni kwamba ashone kidogo, lakini ashone vizuri. Miguu ya juu ya misalaba yote ielekee upande mmoja. Ikielekea huku na huku, mwanga unaivunja kazi hata kama rangi ni nzuri. Asifunge fundo nyuma. Uzi unaanzishwa kwa kitanzi: unachukua uzi mwembamba mmoja, unaukunja katikati, ncha mbili zinaingia kwenye tundu la sindano, na mshono wa kwanza unapita ndani ya kitanzi kilichobaki nyuma. Mwisho wake unafichwa kwa kupitishwa chini ya mishono minne au mitano. Jani moja la mwembe lililoshonwa hivyo ni zawadi ya heshima kwa fundi yeyote, naye atajua hivyo akigeuza.

Mwaka jana jambo letu lilikuwa ziwa, na nikachagua Jiwe la Bismarck, lile linalosimama majini pale Mwanza kama limewekwa na mtu aliyekuwa na haraka. Nilichora mwenyewe kwenye karatasi ya grafu. Kwenye krosi hakuna mviringo, kuna ngazi tu. Kila tumbo la jiwe inabidi ulikate vidato vidato, miraba mitatu kwenda kulia, mmoja chini, miwili kulia, mmoja chini. Kwa karibu unaona ngazi. Ukikishika kwa urefu wa mkono, jiwe linakuwa duara. Nilitumia 415 upande wa jua, 318 katikati, na 414 kwenye kivuli ambapo jiwe la juu linakaa juu ya jenzake. Mstari mmoja tu wa 310 chini, penye maji. Kosa langu lilikuwa bluu: fungu lilikatika nikiwa na mistari minne ya ziwa, nikanunua jingine lenye namba ileile lakini limetiwa rangi safari nyingine, na ziwa langu likawa na tabaka mbili. Sikufumua. Aliyelipokea aliniandikia kwamba alidhani ni upepo wa jioni unavyopita juu ya maji. Alipokigeuza kitambaa ndipo akajua ni uzi.

Kosa baya zaidi nililowahi kufanya ni la uzi mwekundu wa bei nafuu, usio na namba, niliouchukua kwa sababu ulifanana na 321. Nilimshonea mtu kuku wa kienyeji, jogoo mwenye upanga mwekundu kichwani, kwenye aida nyeupe. Nikakifua kabla ya kutuma, kama inavyotakiwa ili kuondoa jasho la mikono, na ukachuja. Jogoo akawa kama amechinjwa. Tangu siku hiyo, nyekundu yoyote nisiyoijua nakata kipande, nakilaza usiku mzima juu ya kitambaa cheupe kilicholowa, asubuhi natazama.

Kifurushi chenyewe hakiendi na zawadi peke yake. Ni desturi kuongeza vitu vidogo: sindano mbili, mafungu ya uzi uliobaki, kipande cha aida, kadi yenye maneno mawili matatu, na kitu cha mahali unapotoka. Kitu cha mahali kinataka akili. Mwenzetu mmoja wa Kirumba, kwa upendo kabisa, aliweka dagaa wa ziwani pamoja na kitambaa na kuvisafirisha kwa basi hadi Dodoma. Dagaa walipokelewa kwa furaha. Kitambaa kilikaa wiki tatu kwenye kamba, na hadi leo mvua ikinyesha, anasema mwenyewe, sebule yake inanuka kama mwalo wa samaki. Weka kahawa ya Bukoba kama ni lazima uweke chakula, na hata hiyo uifunge mara mbili.

Wapo wasiotuma. Mtu anauguliwa, anahama, anachoka, au anapokea chake kisha simu yake haipatikani. Hapa kijumbe ndiye anayepimwa. Wetu hutangulia kushona vipande viwili vya akiba kabla kura haijapigwa, na duara likikatika anatoa kimoja bila tangazo. Aliyeshindwa kwa sababu inayoeleweka anaingia duara linalofuata; aliyepokea akanyamaza hapigiwi kura tena, na hilo nalo linafanyika bila tangazo. Kuna wanaosema adabu hii ni laini mno, kwamba tungeweka faini kama kwenye vikoba. Mimi sikubali. Ukiweka faini umeshataja bei, na siku utakayotaja bei ya msalaba mmoja, watu watapiga hesabu na kununua zawadi dukani.

Lipo pia duara la aina nyingine, ambalo kitambaa ndicho kinachosafiri. Unashona kona yako, unakituma kwa wa pili naye anashona yake, wa tatu, wa nne, hadi kinarudi kwako kimejaa mikono ya watu. Ni zuri na linatisha, kwa sababu kitambaa kikipotea njiani zimepotea saa za watu wote. Nimeshiriki mara moja tu, na sikulala vizuri kilipokuwa kwenye meli.

Zawadi iliyonifikia mwaka huu ilitoka kwa mtu wa ng'ambo ya ziwa. Ni mtumbwi wenye tanga, mdogo, kama miraba 50 kwa upana, na mbele hauna kosa hata moja. Nyuma, karibu na mlingoti, pana nyuzi zilizochakaa kidogo, manyoya manyoya, mahali ambapo mtu alishona, akafumua, akashona, akafumua tena. Nikamuuliza. Akaniambia tanga lilikuwa linaelekea ziwani; akaona mtumbwi unaondoka, hakupenda kunitumia mtumbwi unaoondoka, akaligeuza mpaka likaelekea nchi kavu.

Wageni husema nikitie kwenye fremu ya kioo kisije kikapata vumbi. Nimekitundika kwa misumari miwili tu ya juu, ili niweze kukiinua na kutazama nyuma.