Kupima Maji ya Mji: Kwa Nini Mita Peke Yake Haitoshi

Mkazi wa Katwe, mtaa wa jiji la Kampala, anayenunua maji kwa jerikeni ya lita 20 huyajua matumizi yake kuliko jirani mwenye bomba ndani ya nyumba, kwa kuwa kila jerikeni ameilipia na kuibeba. Mwenye bomba husubiri ankara, nayo humhesabia kwa uniti. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au jerikeni 50. Sisi tunaopima matumizi ya mji mzima tunafanya kazi ileile ya kuhesabu jerikeni, ila zetu hatuzioni zikijazwa.

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria. Husafishwa Ggaba, ambako mtambo wa pili ulianza kazi mwaka 1992 na wa tatu mwaka 2007, na siku hizi pia Katosi wilayani Mukono, kwenye mtambo uliojengwa kwa uwezo wa kuanzia wa lita milioni 160 kwa siku. Kutoka huko husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya vilimani, kama yale ya Muyenga, kisha huteremka kuelekea majumbani. Yanayotoka mtamboni hupimwa kwa mita kubwa, na yanayomfikia mteja hupimwa kwa mita ndogo iliyo nyumbani kwake. Ukijumlisha mita ndogo zote, hupati kile ilichosoma ile kubwa.

Pengo hilo lina sehemu mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Yako maji yanayopotea kweli, yakivuja ardhini kupitia mabomba yaliyopasuka na viungio vilivyolegea. Yako mengine ambayo watu wameyapikia na kuyafulia, lakini hayakuandikwa popote, ama kwa sababu yalichukuliwa kwa maunganisho ya siri, ama yalipita kwenye mita iliyochakaa. Ukiziba uvujaji, mtambo unapumua. Ukibadilisha mita, mji bado unahitaji karibu maji yaleyale, ila sasa yanaonekana kwenye hesabu.

Mfano unaotusumbua kuliko yote ni tangi la juu ya paa. Kaya nyingi zimeweka tangi kwa hofu ya maji kukatika, na tundu la kuingizia maji hufungwa na boya linaloelea juu ya maji. Linapokaribia kujaa, boya huziba tundu kidogo kidogo, maji yakaingia kwa mkondo mwembamba kama uzi, na mkondo huo hauna nguvu ya kuizungusha mita, hasa iliyokwisha kuzeeka. Lita zinaingia, namba hazisogei. Hakuna aliyeiba, na mwenye nyumba hana habari.

Uvujaji nao tunaukisia kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati wengi wamelala na maji yanayoendelea kupita kwenye bomba la mtaa yanatiliwa shaka. Kwa Kampala kipimo hiki kinataka uangalifu, maana katika mitaa isiyopata msukumo mchana, saa hizohizo ndizo matangi ya paa hujaa.

Tukija kwenye makadirio ya miaka ijayo, njia ya zamani ni kuzidisha idadi ya watu kwa lita anazotumia kila mmoja kwa siku. Ni njia rahisi na siidharau, ila jibu lake hutegemea mahali ulipochora mpaka wa mji. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu wapatao milioni 1.5 Kampala na karibu milioni 2 Wakiso, wilaya jirani; ile ya mwaka 2024 ikakuta takriban milioni 1.8 na milioni 3.4. Anayetazama Kampala peke yake ataona ongezeko la chini ya asilimia 2 kwa mwaka na kutulia, ilhali Wakiso, ambako mabomba ya mtandao huohuo yanafika Nansana na Kira, imekua kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, mwendo unaofanya watu kuwa maradufu katika muda usiozidi miaka 14.

Njia nyingine huipa kompyuta kumbukumbu za mita za miaka iliyopita ili itafute mwelekeo, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Mita huandika maji yaliyotolewa; yaliyohitajika haiyajui. Mtaa wa kilimani ukikaa siku tatu bila maji, kumbukumbu zitasema wakazi wake wametumia kidogo, programu itajifunza kwamba mahitaji yao ni madogo, litapangwa bomba jembamba, na mgao utaendelea kwa idhini ya takwimu. Kwa hiyo siku ya mgao inapaswa kuandikwa kama pengo katika kumbukumbu, wala si sifuri.

Majira nayo yana sauti. Mvua za Machi hadi Mei huwapa wenye mapipa chini ya mabati maji ya bure. Krismasi wengi huenda vijijini. Na mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi, watoto waliokuwa wakinywa na kunawa shuleni walifanya hivyo nyumbani. Mwaka kama huo ukiingizwa kwenye hesabu bila maelezo, huharibu makadirio ya miaka inayofuata.

Mteja anayeripoti saa bomba lilipokauka na saa liliporudi hutupatia kipimo ambacho hakimo kwenye mita yoyote. Tunaomba saa zote mbili, kwa sababu anayetaja ile ya kwanza tu hutuachia nusu ya hesabu.