The Wizard of Oz (1939): Yanayosemwa Kuhusu Utengenezaji Wake, na Yaliyotokea Kweli

Filamu hii ya kimuziki ya studio ya MGM ya Marekani, iliyotokana na kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, ilipigwa katika studio za Culver City, California, kuanzia Oktoba 1938 hadi Machi 1939. Uvumi unaoizunguka ni mwingi: laana, vifo vilivyofichwa, miujiza. Lakini ukiifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua, utakuta jambo moja liliamua karibu kila kitu, na hilo ni kamera ya Technicolor, njia ya kupiga filamu kwa rangi.

Dhana: Ndiyo filamu ya kwanza ya rangi.

Sivyo. Technicolor ya mikanda mitatu ilikwisha kutumika katika katuni ya Disney mwaka 1932, na filamu ndefu ya kwanza ya waigizaji iliyopigwa yote kwa njia hiyo, Becky Sharp, ilitoka mwaka 1935. Si hata mara ya kwanza kwa kitabu hiki kufanywa sinema, maana kulikuwa na filamu zisizo na sauti za mwaka 1910 na 1925.

Kilichokuwa kigeni kwa wengi ni mzigo wa kazi yenyewe. Ndani ya kamera ile kulikuwa na kioo cha kugawa mwanga, kikiupeleka kwenye mikanda mitatu iliyopita kwa pamoja: mmoja wa wekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Mwanga ukigawanywa hivyo, kila mkanda hupata sehemu ndogo tu, kwa hiyo taa zilibidi ziongezwe kupita kiasi. Joto ndani ya seti lilipita nyuzi 38 za Selsiasi. Sasa mweke hapo Bert Lahr, aliyeigiza Simba Mwoga, ndani ya vazi la ngozi halisi ya simba, na Ray Bolger aliyefunikwa uso kwa mpira ulioumbwa ufanane na gunia. Kila mapumziko yalihitajika kweli.

Kamera hizo hazikuuzwa. Studio ilizikodi kutoka kwa kampuni ya Technicolor, na pamoja nazo akaja mshauri wa rangi mwenye sauti juu ya mavazi, kuta na vipodozi. Nyeupe tupu ilimeremeta vibaya kwenye mkanda, ndiyo maana sehemu "nyeupe" ya gauni la Dorothy, msichana mhusika mkuu, kwa kweli ni waridi hafifu.

Dhana: Sehemu za Kansas, nyumbani kwa Dorothy, zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, na anapofungua mlango wa kuingia nchi ya Oz rangi iliongezwa baadaye kwa mkono.

Kansas ilipigwa kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe, lakini nakala za maonyesho zilitiwa rangi ya kahawia. Nakala nyingi za miaka ya baadaye, za majumba ya sinema na za televisheni, ziliruka hatua hiyo, na vizazi vizima vikaona Kansas ya kijivu. Kahawia ilirudishwa katika toleo la mwaka 1989, filamu ilipotimiza miaka 50.

Ule mlango sasa. Tukio hilo lote lilipigwa kwa kamera ya rangi, bila hila yoyote ya maabara. Mafundi waliupaka ukuta wa ndani na mlango rangi za kahawia tupu. Mwigizaji mbadala, akiwa amevaa gauni la kahawia na amegeuzia kamera mgongo, akaufungua mlango. Nje kulikuwa na seti yenye rangi zake zote. Kamera ilipopita mlangoni, mbadala akajitoa pembeni, naye Judy Garland, aliyeigiza Dorothy, akaingia akiwa na gauni la buluu. Tazama tena: uso wa anayefungua hauonekani hata mara moja. Kwa maoni yetu hili ndilo tukio lililofikiriwa vizuri kuliko yote katika filamu, na lilihitaji rangi ya ukuta, cherehani na hatua zilizopangwa sawasawa.

Dhana: Viatu vyekundu vya Dorothy vimetoka kitabuni.

Kitabuni ni vya fedha. Aliyevibadilisha katika mswada ni mwandishi wake, Noel Langley, kwa kuwa nyekundu ingeng'aa zaidi juu ya barabara ya njano. Wanaokisoma kitabu cha Baum kama fumbo la siasa za sarafu ya fedha na dhahabu hawana pa kushika katika filamu, maana fedha yenyewe haimo.

Wengi hudhani pia kwamba palikuwa na jozi moja. Zilitengenezwa kadhaa, kama desturi ya studio kwa vazi la mwigizaji mkuu. Kilianza kiatu cha kawaida cha hariri nyeupe, chenye kisigino, kikatiwa rangi nyekundu. Juu yake kikashonewa kitambaa chembamba cha wavu kilichojazwa vidoti vinavyometa, kama vya magauni ya harusi, zaidi ya 2,000 kwa kila kiatu. Vidoti hivyo havikuwa vyekundu vya kuwaka. Vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee, kwa sababu nyekundu ya kuwaka ingetokea kama machungwa mbele ya Technicolor. Nyayo za baadhi ya jozi zilibandikwa kitambaa kizito ili hatua za mwigizaji zisisikike kwenye mbao za seti.

Adui wa viatu hivi ni maji na mwanga. Kiini cha vidoti ni jelatini, ambayo hunyonya unyevu na kuharibika, na rangi hupauka kadiri inavyoangaziwa taa. Jozi moja iko katika makumbusho ya Smithsonian tangu 1979. Nyingine iliibwa kwenye makumbusho huko Minnesota mwaka 2005 na kupatikana 2018. Wataalamu walipoziweka pamoja waligundua kwamba kushoto na kulia vilichanganywa kati ya jozi hizo mbili. Ile iliyoibwa ilinunuliwa kwa mnada Desemba 2024 kwa dola milioni 32.5, ada zikiwemo.

Dhana: Mtu wa Bati wa kwanza alikufa kwa vipodozi.

Buddy Ebsen, aliyepewa kwanza nafasi hiyo, hakufa. Aliishi hadi mwaka 2003, akafikia miaka 95. Lakini tusilipunguze lililompata. Alipakwa krimu nyeupe, kisha juu yake akanyunyiziwa unga wa alumini. Unga mkavu hupeperuka, naye akauvuta siku baada ya siku mpaka pumzi ikagoma, akalazwa hospitali na kuwekwa kwenye oksijeni. Wengine husema ulikuwa mzio. Tatizo lilikuwa chembe za alumini kuingia mapafuni, jambo ambalo lingemdhuru yeyote. Mrithi wake, Jack Haley, alipakwa alumini iliyokwisha kuchanganywa ikawa kama lami laini, isiyopeperuka. Hata hivyo jicho lake lilipata maambukizi. Sauti ya Ebsen bado imo katika wimbo wa safari wanaouimba wote kwa pamoja, kwa kuwa nyimbo zilirekodiwa kabla na kuchezwa wakati wa kupiga picha.

Ajali ya Margaret Hamilton, aliyeigiza mchawi mbaya, ilitokea Desemba 1938. Alipaswa kushuka kupitia tundu la sakafu, moshi ukimfunika, kisha moto uwake. Mpigo wa kwanza ulienda sawa, na ndio uliomo kwenye filamu. Katika marudio moto uliwashwa kabla hajashuka, ukamuunguza uso na mkono. Kilichozidisha maumivu ni kwamba rangi yake ya kijani ilikuwa na shaba, hivyo ilibidi isuguliwe kwa spiriti juu ya ngozi iliyoungua. Alikaa nje ya kazi takriban wiki sita, na aliporudi alikataa kabisa kazi yoyote ya moto. Alikuwa na haki.

Dhana: Kimbunga ni picha ya kimbunga halisi.

Ni soksi ya kitambaa cha bafta yenye urefu wa futi 35, kazi ya Arnold Gillespie, fundi wa hila za picha. Jaribio la kwanza lilikuwa la mpira, na lilishindwa kwa sababu mpira haukujipinda. Kitambaa kilijipinda. Juu kilifungwa kwenye kreni inayotembea darini, chini kwenye kigari kilichokwenda njia ya kupindapinda, na vumbi la udongo laini likapulizwa kwa hewa ya mgandamizo. Mawingu yalikuwa pamba iliyobandikwa kwenye vioo mbele ya kamera.

Nyumba inayoanguka kutoka angani? Nyumba ndogo ya mfano iliangushwa kwenye sakafu iliyochorwa mawingu, kisha mkanda ukachezwa kinyumenyume. Na yale maandishi ya mchawi angani yaliandikwa kwa sindano ndani ya tangi la kioo lenye kimiminika, rangi nyeusi ikitoka nchani, huku kamera ikitazama kutoka chini. Mwandikaji alilazimika kuandika kinyume.

Dhana: Kuna mtu aliyejinyonga anayeonekana nyuma ya miti.

Ni ndege mkubwa. Ndege waliletwa kwenye seti ili msitu uonekane hai, na mmoja anaonekana akikunjua mabawa nyuma ya waigizaji. Nakala chakavu za kanda za video zilimfanya aonekane kama kivuli kinachoning'inia. Kwenye nakala iliyosafishwa hakuna ubishi. Zaidi ya hayo, waigizaji wa Munchkin, watu wadogo wa nchi ya Oz, wanaotajwa katika uvumi huo walikuwa hawajaanza kazi tukio hilo lilipopigwa. Walikuwa zaidi ya 120, wenye kimo kifupi, na wanastahili kukumbukwa kwa kazi yao kuliko kwa uzushi huu.

Dhana: Shirley Temple, nyota mtoto wa studio ya Fox, alikuwa aazimwe kwa MGM aigize Dorothy, na Fox ipewe Jean Harlow, nyota wa MGM, badala yake.

Harlow alifariki Juni 1937, na MGM ilinunua haki za kitabu mwaka 1938. Tarehe zinatosha.

Dhana: Ni filamu ya mwongozaji mmoja.

Jina lililoandikwa ni la Victor Fleming, ila Richard Thorpe ndiye aliyeanza na kuondolewa baada ya wiki mbili hivi. George Cukor alipita siku chache, akamvua Garland wigi la kimanjano na vipodozi vizito, na kwa hilo pekee aliiokoa filamu. Fleming alipoitwa kwenda kuongoza filamu nyingine, Gone with the Wind, mwongozaji King Vidor alimalizia sehemu za Kansas, pamoja na wimbo wa Over the Rainbow. Wimbo huo nusura uondolewe baada ya maonyesho ya majaribio. Baadaye ulishinda Oscar.

Dhana: Ilianguka, hakuna aliyeitazama.

Ilitazamwa na wengi. Gharama ndiyo iliyoilemea: takriban dola milioni 2.8 za utengenezaji, kabla ya nakala na matangazo, huku watazamaji wengi wakiwa watoto wa tiketi za bei nafuu. Mauzo ya awali ya takriban dola milioni 3 hayakutosha, na MGM ikaandika hasara ya zaidi ya milioni moja. Faida ilikuja iliporudishwa sinemani mwaka 1949. Kisha Novemba 1956 kituo cha CBS kikairusha kwenye televisheni, na kuanzia 1959 ikawa ya kila mwaka.