Mchanganyiko wa maada nyumbufu-mnato si wastani wa sifa zake

Maada huitwa nyumbufu-mnato ikiwa hurudi katika umbo lake kama springi na papo hapo hutiririka polepole kama mafuta mazito, kiasi kwamba mkazo wake wa sasa (nguvu ya ndani kwa kila kipimo cha eneo) hutegemea yote yaliyoipata hapo awali. Modeli ya mchanganyiko ni milinganyo inayoeleza jinsi maada kadhaa za namna hiyo zinavyobeba mzigo pamoja.

Linaloudhi ni mazoea ya kuchukua sifa za maada mbili, kukokotoa wastani wake, kisha kudai kwamba mchanganyiko umepatiwa modeli. Tuchukue maada mbili zilizowekwa sambamba, zenye ugumu sawa na zilizovutwa kwa kiasi kilekile na kushikiliwa hapo, ambazo kila moja hulegea, yaani mkazo wake hupungua, kwa namna aliyoieleza mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1867: muda wa kulegea, ambao mkazo hushuka hadi takriban asilimia 37 ya ule wa mwanzo, ni sekunde 1 kwa moja na sekunde 100 kwa nyingine. Wastani wa muda huo ni sekunde 50.5, na anayeutumia atatabiri kwamba baada ya sekunde 10 itabaki takriban asilimia 82 ya mkazo wa mwanzo. Ukweli ni kwamba hubaki takriban asilimia 45, kwa sababu maada ya kwanza imekwisha kulegea karibu yote, na ya pili ndiyo inayobeba mzigo uliosalia. Hakuna muda mmoja wa kulegea, hata uchaguliwe kwa uangalifu kiasi gani, unaoweza kufuata mwenendo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafizikia Ludwig Boltzmann aliliwekea jambo hili msingi mwaka 1874, alipojumlisha athari za matukio yote yaliyopita, kila moja kwa uzito unaopungua kadiri linavyozeeka.

Hata hivyo, mfano huo ni mwepesi, kwa kuwa maada zake zimelazimishwa kwenda pamoja. Katika nadharia ya michanganyiko, ambayo Clifford Truesdell aliipa sura yake ya kisasa mwaka 1957, kila nukta ya mwili huhesabiwa kuwa na maada zote kwa wakati mmoja, na kila maada ina uhamisho wake (umbali iliosogea), densiti yake na mlinganyo wake wa mwendo. Milinganyo hiyo huunganishwa na nguvu ambayo maada moja huitia nyingine, na nguvu hiyo hutegemea tofauti ya uhamisho wao, ya kasi zao, au zote mbili. Nguvu hiyo ndiyo kiini cha modeli, nayo ndiyo wastani unaoifuta.

Kwa hiyo aliyekokotoa wastani aseme kwamba amekisia maada moja mbadala, jambo linalofaa pale sehemu za mchanganyiko zinapokwenda pamoja na kulegea kwa muda unaokaribiana. Zinapoachana, itambidi aandike mlinganyo wa pili.