Je, wajua kwa nini mhadhiri wa Tanner Lectures hualikwa pamoja na wapinzani wake?

Kila mwaka, vyuo vikuu kadhaa vya Marekani na Uingereza, vikiwemo Harvard, Yale, Oxford na Cambridge, huandaa mihadhara ya wazi kuhusu tunu za utu, iitwayo Tanner Lectures. Mgeni hulipwa, hupewa ukumbi na husikilizwa kwa heshima zote. Halafu huja wasomi walioalikwa rasmi kuichambua hoja yake, mwenyewe akiwa papo hapo. Nani angetoa fedha zake kugharimia mabishano?

Jibu ni mfanyabiashara wa pete na beji. Obert Clark Tanner, mzaliwa wa Utah, alianza biashara hiyo mwaka 1927 kwa kuwauzia wahitimu, na baadaye kampuni yake ikajulikana kwa nishani ambazo waajiri huwatunukia wafanyakazi wao. Lakini Tanner alikuwa pia profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Utah, na nadhani hapo ndipo penye siri: kwa watu wa fani hiyo, hoja ambayo haijajibiwa bado haijapimwa. Mihadhara ilianzishwa rasmi Clare Hall, Cambridge, tarehe 1 Julai 1978. Mhadhiri si lazima awe mwanafalsafa. Wamepita wachumi, wanasayansi na waandishi wa riwaya, na maneno yao huchapishwa vitabuni.

Swali moja lililoulizwa humo lilifika mbali. Mwaka 1979, pale Stanford, mchumi Amartya Sen kutoka India aliuliza: tukisema watu wawe sawa, wawe sawa katika nini? Mpe mlemavu kipato kilekile cha mwenzake mzima. Bado hatafika anakotaka kwenda. Kwa hiyo, alisema Sen, tusitazame fedha peke yake, tutazame mtu anaweza kufanya nini: kutembea, kula akashiba, kushiriki mambo ya jamii. Fikra hizo zilichangia kipimo cha maendeleo ya binadamu ambacho Umoja wa Mataifa ulianza kukitoa mwaka 1990, kinachohesabu pia elimu na umri wa kuishi. Ndicho hichohicho kinachopanga nafasi za Kenya na Tanzania kila ripoti mpya inapotoka.

Kituko, kama kipo, kilitokea Princeton mwaka 1997. Mwandishi J. M. Coetzee wa Afrika Kusini alisimama, na badala ya kutoa mhadhara akasoma hadithi. Ndani yake bibi mmoja mwandishi, Elizabeth Costello, anaalikwa chuoni kutoa mhadhara, naye anawashutumu wasikilizaji wake kwa ukatili dhidi ya wanyama, hata kufananisha machinjio na kambi za mauaji za Wanazi. Sasa umpinge nani, Coetzee au bibi wa kubuni? Ujanja mtupu, wengine watasema. Mwanafalsafa Peter Singer alijibu kama malenga anayemrudishia mwenzake kwa bahari ileile ya shairi: naye alitunga hadithi, baba akibishana na binti yake.

Jibu lililonigusa zaidi lilikuwa la Barbara Smuts, mtaalamu wa nyani, ambaye hakushughulika sana na nadharia. Alikuwa ameishi na kundi la nyani karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Watafiti hufundishwa kujifanya hawapo, mnyama akikutazama usimjali. Smuts aliona njia hiyo haifui dafu. Nyani walitulia pale alipojifunza adabu zao: nani apishwe, umbali gani uachwe, na jicho kali lirudishwe vipi kwa anayekusogelea mno. Tangu hapo, alieleza, walimchukulia kama kiumbe mwenzao wa kuelewana naye.